Mwaka Niliokataa Kuitwa Madamu

Mwezi uliopita nilialikwa Masasi kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mmoja anayestaafu, mtu niliyewahi kufundisha naye. Ukumbi ulipambwa kweli, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na tepe za zambarau, pilau inanukia tangu getini. Mshereheshaji, kijana mwenye mdomo mwepesi, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Na sasa tumsikie Madamu wetu wa siku nyingi, Madamu Zaituni!" Makofi yakapigwa. Nikainuka kwa taabu ya magoti yangu, nikakishika kile kipaza sauti, nikasema mimi si Madamu, mimi ni Mwalimu Zaituni, kisha ndipo nikaendelea na salamu. Watu walicheka sana wakidhani bibi anatia utani. Niliporudi mezani, mwalimu mmoja msichana aliyekaa karibu nami, mzuri, kucha zimepakwa rangi, akaniinamia sikioni: "Lakini bibi, Madamu si ni heshima tu?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau, nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Jibu lenyewe ni refu, na ni hili hapa. Akitaka kulisoma kwa chai, aichemshe mwenyewe.

Habari za kwetu Chiungutwa, nani alinizaa na nani alinisomesha, sizileti hapa maana hazihusiki. Naanza na chumba. Kilikuwa chumba cha uani katika nyumba ya Mama Rashidi, kwenye kijiji kimoja kupita Chilangala, ambacho jina lake naliacha kwa sababu shule niliyofundisha iko palepale na wanaofundisha sasa hawana kosa. Kitanda cha kamba, meza niliyoazimwa shuleni, ndoo yenye mfuniko, na ukuta wa udongo ambao haukufika juu, hivyo kila lililosemwa uani nililisikia kama nimekaa nao. Katikati ya ua palikuwa na kisima cha simenti cha kuhifadhi maji ya mvua, kimefungwa kufuli, na ufunguo Mama Rashidi aliufunga kwenye pindo la khanga yake. Watu wa mabondeni hawaelewi jambo hili. Kwetu sisi wa uwanda wa juu mtu anaweza kukupa kuku akakunyima maji, na wala asiwe mchoyo.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, soko la korosho limefunguliwa, magari ya wanunuzi binafsi yanapanda Newala na kushuka, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yamejaa vitenge, redio na mafuta ya kujipaka. Pamoja na vitu hivyo yalikuja maneno. Sisi tulikua katika neno ndugu. Mwenyekiti alikuwa ndugu mwenyekiti, karani alikuwa ndugu karani, na mimi nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa ndugu mwalimu. Watu siku hizi wanalicheka neno lile, wanasema lilitufanya maskini. Mimi nililipenda kwa sababu moja tu, kwamba halikuuliza chini ya gauni langu kuna nini. Mwanamume alikuwa ndugu na mimi nilikuwa ndugu, tukasimama mbele ya ubao tukiwa sawasawa. Basi mwaka ule neno ndugu likaanza kufa, na hakuna aliyelililia. Wakazaliwa waheshimiwa, wakazaliwa mabosi, na sisi wanawake tukaletewa la kwetu.

Aliyetuletea ni Mwalimu Mkuu wetu mpya, mtu wa mkoa wa mbali, nadhifu, shati limenyooshwa hata wakati ambao hakuna maji ya kufulia. Mwezi wa kwanza, kwenye kikao cha kufungua shule, alituambia enzi za kuitana ndugu zimekwisha na shule yetu lazima iende na wakati. Walimu wanaume wataendelea kuitwa Mwalimu. "Na wewe," akaniangalia, maana nilikuwa mwanamke peke yangu, "utaitwa Madamu. Ni lugha ya kistaarabu. Mwanamke anapewa hadhi yake." Nilishukuru. Nasema kweli, nilishukuru, nikaona mtu ameniheshimu. Kisha kikao kikafika mahali pa kupumzika, akaniangalia tena na tabasamu lilelile: "Sasa Madamu, tufanyie chai."

Siku ile nilipika. Nilikuwa mgeni, na mgeni hakatai kazi ya kwanza. Nikawasha jiko la mkaa barazani, nikapepea mpaka macho yakawa mekundu, nikawamiminia wote. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu, na mimi nikaanza kuona lile neno linavyofanya kazi. Kila lilipotajwa kulikuwa na kitu nyuma yake. Madamu, wageni wamekuja. Madamu, ofisi haijafagiliwa. Madamu chukua darasa la kwanza, ninyi mna mikono ya kulea. Mimi nilisomea hisabati, nilifaulu kuliko wanaume wengi niliosoma nao, na pale nilikuwa nikifuta kamasi za watoto na kuosha vikombe vya watu wenye mikono miwili kama mimi. Na hakuna aliyenitukana! Wangenitukana ningejua la kufanya. Walikuwa wakiniheshimu mpaka wamenishusha.

Wiki ya tatu nilikuwa nasahihisha madaftari. Mkuu akaingia, akakuta jiko limezimika. "Madamu, chai vipi leo?" Sikuinua kichwa. Nikasema, "Mwalimu Chilumba ndiye aliye karibu na jiko." Mwalimu Chilumba alikuwa mzee wa Kimakonde aliyefundisha Kiswahili, mpole, mtu wa kutazama viatu vyake kila palipo na mgogoro. Alitazama viatu vyake. Kisha, kwa sababu mtu fulani ilibidi afanye kitu, akainuka akaenda kupepea mkaa. Chai yake ilikuwa nyeusi, chungu, majani yamechemshwa mpaka yamekata tamaa. Mkuu aliinywa amekunja uso. Kesho yake akaniuliza tena nikamjibu vilevile, na kesho kutwa, na kutoka siku hiyo Mwalimu Chilumba akawa mpika chai wetu mpaka naondoka. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakaipeleka habari kijijini kabla hatujafunga milango. Wakati huohuo kila mtoto aliyeniamkia "Shikamoo Madamu" nilimwitikia "Marahaba, lakini mimi ni Mwalimu," na wao wakacheka, wakaendelea na Madamu yao, maana Mkuu aliwaamrisha hivyo.

Kilichonitoa darasa la kwanza ni biashara. Mwalimu wa hisabati wa darasa la saba aliacha kazi akaenda kuuza salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, na katika waliobaki hakuna aliyetaka kusimama mbele ya sehemu na asilimia. Mkuu akanipa darasa hilo "kwa muda" kama mtu anayeazimisha jembe lake bila kupenda. Humo ndimo nilimkuta binti wa Mama Rashidi, yule niliyekuwa nalala nyuma ya ukuta wa mama yake. Alikaa dawati la dirishani. Jina lake la utotoni silitaji, wala msomaji asitegemee nitalitaja mbele ya safari. Alikuwa mrefu, mkimya nyumbani na msumbufu darasani, hakubali jambo mpaka ajue limetoka wapi. Ukimwambia geuza sehemu ya pili ndipo uzidishe, wenzake wanaandika, yeye ananyoosha mkono: kwa nini igeuzwe? Nilimpenda kwa hilo, na ilinibidi niende nyumbani nikatafute jibu.

Siku moja mchana nilikuwa nimelala na homa, wanawake wako uani wanamenya ming'oko, vile viazi vya porini, kwa ajili ya kuchemsha. Jirani mmoja akauliza, "Huyu mpangaji wako tumwite mama nani?" Nikasikia kisu cha Mama Rashidi kimesimama. Akasema, "Hana." Yule akauliza, "Hata wa kufa?" "Hata wa kufa. Wala mume." Basi wakanisikitikia kidogo, kwa sauti ile ya chini ambayo hupita ukutani vizuri kuliko kelele. Kwetu mwanamke mzima huitwa kwa mtoto wake, na asiye na mtoto watu hupata taabu kumwita, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Jirani akapata ufumbuzi: "Si wanamwita Madamu? Ndilo jina la wasiozaa hilo." Wakakubaliana, wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya. Ndipo nikasikia sauti ya yule binti, ambaye hakutakiwa kutia neno mbele ya watu wazima: "Madamu siyo asiyezaa, mama. Madamu ni yule asiyepika chai." Walicheka mpaka mmoja akaomba maji ya kunywa. Mimi nilicheka nimeuma shuka, huku machozi yananitoka kwa lile la kwanza, maana lilikuwa limenichoma na sikuwa na wa kumwambia.

Mwezi wa sita shule ikafungwa, na Mama Rashidi akampeleka binti yake unyagoni. Alikuwa amechelewa kidogo kwa umri, mama alikuwa akisubiri mwaka wa mavuno mazuri ili amtoe kwa heshima. Sitaeleza ya ndani, ni ya wanawake na yabaki kwa wanawake. Naeleza siku ya kutoka, ambayo kila mtu huiona. Asubuhi ile watu walikuwa wametoka kupuliza salfa mashambani, hewa yote inanuka, na ngoma zinakuja zikipita katikati ya mikorosho. Wali, yaani mabinti wanaotolewa, walikuja wamefunikwa khanga mpya, wamepakwa mafuta, kila mmoja na somo wake, mwanamke aliyemlea unyagoni, amemshikia mwavuli, macho yao chini. Kila mmoja aliposimamishwa, kungwi alitangaza jina jipya alilojichagulia na wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alikuwa Zawadi, mwingine Asumini. Kisha kungwi akaita, "Madamu!" Nikageuka kuitika. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Wote walikuwa wakimtazama binti wa Mama Rashidi.

Nikarudi chumbani nimekasirika. Nusu mwaka nimepigana na neno, sasa limepewa vigelegele. Siku za wali kukaa kimya zilipokwisha nilimfuata jikoni kwao, alikuwa akipepeta mbaazi. Nikamuuliza, "Kwa nini ulichagua jina lile, na unajua mimi silitaki?" Hakuacha kupepeta. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Wewe hulitaki. Nikaona limekaa tu, halina mtu, nikalichukua." Nikamuuliza anajua maana yake. "Najua. Mimi ndiye niliyemwambia mama." Nikakaa kwenye kigoda nikamsaidia kuchambua mbaazi, na mama yake alipoingia akatukuta kimya, akadhani tumegombana.

Hapa yule msichana wa Masasi mwenye kucha za rangi anahitaji kuelezwa, maana watoto wa mjini hawayajui haya. Kwetu jina la utotoni huachwa ngomani. Ukishatoka, mtu akikuita kwa jina lile amekuvua nguo, amemvua mama yako na kungwi wako, na wazee huitana kwa ajili ya jambo hilo. Shuleni daftari la mahudhurio hubaki na jina la zamani, lakini walimu wenyeji wana njia zao. Mwalimu Chilumba alikuwa akiita "binti Selemani," "binti Issa," kwa majina ya baba, na kazi inakwenda. Mimi nyumbani, siku zile za likizo, nilikwepa vilevile, namwita "wewe wa dirishani," kwa sababu nilijua jina lake na halikutaka kunitoka mdomoni. Mkuu naye aliambiwa kabla shule haijafunguliwa. Mwalimu Chilumba mwenyewe alimwendea akamweleza kwa upole wake wote. Mkuu akamjibu, "Serikali haina unyago."

Jumatatu ya kufungua shule tulikuwa mstarini. Mkuu alikuwa akisoma majina ya watahiniwa wa darasa la saba, mmoja mmoja, kwa sauti. Watoto waliotoka ngomani walikuwa wengi, na kila alipotaja jina la zamani uliwaona wanajikunyata, wanaitika kwa kuangalia chini. Akafika kwa binti wa Mama Rashidi. Akalitaja. Hakuna aliyeitika. Akalitaja tena, mvulana mmoja nyuma akaangua kicheko cha aibu. "Wewe ni kiziwi?" Mkuu akamwendea, maana alimjua kwa sura. Binti akasema, si kwa jeuri, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Jina hilo halina mtu, Mwalimu." "Basi wewe unaitwa nani?" "Madamu."

Nilimwona Mkuu anavyogeuka polepole kunitazama mimi. Aliamini mpaka kesho kwamba ni mimi niliyemfundisha, kwamba shule nzima inamcheka kwa ajili ya chai. Akamchapa viganja mbele ya wote, na binti akabadilisha mkono kila alipoambiwa, jina asitaje. Mwisho akamwamuru aende nyumbani, asirudi mpaka aje na mzazi wake na jina lake. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa. Mchana uleule Mama Rashidi alijifunga khanga zake nzuri akaja ofisini, akaamkia vizuri, akakaa kwenye benchi. Mkuu akamwambia ni jambo dogo tu, yeye mzazi alitaje jina la mwanawe alilomwandikisha nalo, wamalize. Mama Rashidi akasema, "Mtoto unayemtaja nilikuwa naye, baba. Tumemwacha ngomani. Niliyerudi naye nyumbani ni Madamu." Mkuu akafunga daftari. "Huyo Madamu hakuandikishwa mtihani," akasema. "Aliyeandikishwa ni yule mwingine. Kama hayupo, basi hatafanya." Mama Rashidi alitoka bila kuaga. Jioni ile nilimsikia nyuma ya ukuta, hakulia, alikuwa akitwanga kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kutwangwa.

Hapo ndipo nilipogeuka mbogo. Niliomba lifti kwenye lori la muuza salfa nikaenda Newala. Mji ulikuwa katika shida yake ya kawaida, wanawake wamepanga ndoo bombani tangu alfajiri na bomba linakohoa hewa. Nilimtaka ofisa mmoja wa elimu, mwanamke wa makamo aliyetoka bara, ambaye mji mzima ulimwita Madamu bila hata kuongeza jina. Ofisi yake ilikuwa na pazia la maua na chupa ya chai juu ya kabati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika pale pa unyago akacheka kwa furaha kabisa. Kisha akaacha. "Wewe unalichukia neno hili," akasema. "Mimi nililipata kwa shida, mdogo wangu. Nilipoletwa huku nilikuwa na umri wako, sina mume, nimepanga chumba. Unajua wanaume wa ofisini walikuwa wananiitaje? Mchumba. Mtoto mzuri. Hodi za usiku zilinifanya niegemeze kitanda mlangoni. Siku nilipopandishwa cheo wakaanza kuniita Madamu, na hodi zikakoma. Kwangu neno hili ni ua. Usiniambie niling'oe."

Sikumwambia aling'oe. Mpaka leo simlaumu, na kila nikimkumbuka naona alisema kweli yake. Akaniambia hawezi kumwandikia mwalimu mkuu kwa ajili ya jina la ngoma, watamcheka mkoa mzima. Akashauri binti aliitike jina la zamani, siku moja tu ya mtihani, basi. Nikamuuliza, "Wewe Madamu, ungekubali leo kuitwa mchumba, mara moja tu, ukapewa na cheti?" Akageuzageuza kalamu. Halafu akainuka, akachukua ile chupa, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akaketi. "Siku ya mtihani msimamizi haiti majina," akasema. "Anaita namba, na msimamizi anatoka shule nyingine. Namba hawezi kuifuta mwalimu mkuu. Ukimfikisha mlangoni, amefika. Lakini wewe hutabaki shule ile, unajua?" Nikamwambia najua. Nikanywa chai yangu, ilikuwa nzuri.

Wiki zilizobaki nilimfundisha uani, kwenye kivuli cha jiko, baada ya saa za kazi. Mama Rashidi alitupikia kisamvu na ugali wa muhogo, akatuwekea mbali kidogo ili asitusumbue, na kila jioni aliniuliza swali lilelile, "Atafanya?" Nami nilijibu "Atafanya," nikiwa sina hakika hata chembe. Nilikuwa nikiogopa. Watu wakisimulia ushujaa wao husahau sehemu hiyo. Binti ndiye aliyekuwa hana wasiwasi, alikuwa akihangaika na mafumbo ya hisabati ya matangi na mabomba na kulalamika kwamba aliyeyatunga hajawahi kufika Newala. Na ilikuwa katika siku hizo, akiwa ameinama juu ya tangi moja lisilojaa, ndipo nilipoona kwamba nisipomwita jina lake mimi, sina haki ya kumtaka mtu mwingine amwite. Lakini bado sikulisema.

Asubuhi ya mtihani Mama Rashidi alifungua kisima. Ulikuwa mwezi wa ukame, chini kumebaki tope na maji kidogo, na maji hayo aliyatumia kumfulia binti sare tangu jana yake na kumwogesha. Tukatoka watatu. Njiani watu walisimama milangoni, hakuna aliyetusemesha. Kwenye baraza ya darasa palikuwa na msimamizi, mwalimu mtu mzima wa Kimakonde kutoka kijiji kingine, na orodha yake ya namba, na Mkuu amesimama kando yake. Watoto wengine walishaingia. Mkuu akanyoosha mkono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Asiyetaja jina lake haingii shuleni kwangu," akasema. "Taja jina." Binti akanyamaza. Msimamizi akamtazama, akamtazama mama mtu na khanga zake, akamtazama Mkuu, na nikaona ameelewa jambo lote, maana naye ana jina aliloliacha mahali. Lakini hapakuwa kwake, akangoja.

Nikasema, "Madamu, ingia. Dawati lako ni lile la dirishani." Sikupaza sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo, na neno lilitoka bila kunikwaruza popote. Msimamizi akashusha macho kwenye karatasi yake. "Namba?" akauliza. Binti akaitaja. "Ipo," akasema mzee yule, akasogea pembeni. "Pita, Madamu." Akapita chini ya mkono wa Mkuu uliokuwa bado umenyooshwa, akaenda akakaa, akaitoa penseli yake. Mama Rashidi alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo.

Yaliyofuata nayasema haraka, kwa sababu sitaki sura hii iishie nayo. Nilihamishwa kabla mabibo ya mikorosho hayajaanza kuanguka, nikarudishwa Masasi, darasa la kwanza. Binti alifaulu, lakini nafasi za sekondari kwa upande wetu zilikuwa chache mno na hakuchaguliwa. Ana duka la pembejeo Newala leo, na wakulima wanaokuja kununua salfa humwamkia "Shikamoo Madamu" bila kujua wanamtaja jina lake. Wako watakaosema, basi yote yale yalisaidia nini? Hao wana haki ya kuuliza, na mimi nina haki ya kutowajibu.

Nataka iishie pale barazani. Mlango ulikuwa wazi, karatasi zimegawiwa, tunasikia penseli zinavyokwaruza. Mkuu alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni aliyonyolea ndevu. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni kijana tu, pengine sawa na mimi. "Madamu," akasema kwa sauti ya chini, "umenidhalilisha mbele ya watu. Hili utanijibu."

"Madamu yuko ndani," nikamwambia, "anafanya hisabati. Mimi ni mwalimu wake."